Beli 416, Dakika 12: Hesabu za Mlango wa Nyuma wa Supamaketi

Lori la tani 10 la unga wa mahindi hubeba beli 416. Beli ni furushi la pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24. Gawanya kilo 10,000 kwa 24, utapata beli 416 na kilo 16 za kubaki. Ni pakiti 4,992. Katika supamaketi kubwa ya Nairobi au Mombasa, kati ya lori hilo na rafu husimama mtu mmoja mwenye kalamu, muhuri na skana: karani wa kupokea bidhaa. Akishapiga muhuri, unga unakuwa mali ya duka, na duka linakuwa na deni. Hapa ninapima gharama ya mtu huyo, gharama ya dakika anazopewa, na ni nani anayelipa dakika hizo zinapopungua.

Tarakimu nyingine zinatoka katika sheria za Kenya. Nyingine ni dhana nilizoweka mwenyewe ili hesabu iweze kwenda, na kila dhana nitaitaja inapoingia. Msomaji aliye karibu na mlango wenyewe azibadilishe kwa anazozijua, kisha arudie hesabu.

Tuanze na mshahara. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa ya Kenya, kilichoanza kutumika Novemba 2024, ni Sh16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Hicho kinawahusu wapakuzi. Karani anayesoma ankara na kuingiza hesabu kwenye kompyuta hulipwa zaidi, nami nachukua Sh28,000, marupurupu ya nyumba yakiwemo. Ni dhana ya kwanza.

Kati ya hizo Sh28,000, asilimia 6 inaenda NSSF (Sh1,680), asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii (Sh770) na asilimia 1.5 kwa ushuru wa nyumba (Sh420). Kinachobaki cha kutozwa kodi ya mapato ni Sh25,130. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na kodi hiyo inafutwa yote na nafuu ya Sh2,400. Sh1,130 zilizozidi hutozwa asilimia 25, yaani Sh282.50. Karani anapokea mkononi Sh24,847.50.

Kwa mwajiri hesabu inapanda. Juu ya Sh28,000 anaongeza NSSF Sh1,680, ushuru wa nyumba Sh420 na Sh50 za mafunzo ya viwanda. Jumla ni Sh30,150. Saa 52 kwa wiki, ambazo ndizo kiwango cha juu katika agizo la jumla la mishahara, ni takriban saa 225 kwa mwezi. Saa moja ya karani inamgharimu mwajiri Sh134, na dakika moja Sh2.23. Mkataba ukiwa wa saa 45 kwa wiki, saa 195 kwa mwezi, dakika inapanda hadi Sh2.58. Tofauti ni senti 35, na haibadilishi lolote katika yanayofuata.

Sasa lori. Tuseme duka linanunua pakiti kwa Sh140 na kuiuza kwa Sh150. Bei za unga hupanda na kushuka na mavuno, kwa hiyo usiishike Sh140 kama bei ya leo. La kuangalia ni pengo la Sh10, kwa kuwa unga ni bidhaa ambayo maduka huiuza kwa pengo jembamba ili kuvuta wateja. Beli moja inagharimu Sh1,680, na lori zima Sh698,880. Faida ghafi, yaani bei ya kuuzia ukiondoa bei ya kununulia kabla ya mishahara, umeme na pango, ni Sh49,920.

Kuhesabu beli moja moja, kuigusa na kuangalia kama imechanika, nakadiria sekunde 6. Beli 416 ni sekunde 2,496, au dakika 41.6. Kwa Sh2.23 kwa dakika, kuhesabu lori zima kunaligharimu duka Sh93. Ukiweka Sh93 kando ya Sh698,880 unapata asilimia 0.013. Wapakuzi wawili wakisimama bila kazi muda huo wote, ongeza Sh107 nyingine na jumla iwe Sh200. Hata hapo, beli moja iliyookolewa inalipia hesabu ya malori 8.

Upande wa pili ni kukosea. Tuseme karatasi inasema 416 na zilizoshuka ni 412. Upungufu ni asilimia 0.96 ya mzigo, na mtu yeyote anaweza kuuita mdogo. Lakini beli 4 ni Sh6,720, na duka litakapozilipia zitatoka katika ile faida ghafi ya Sh49,920. Ni asilimia 13.5 yake. Ili kuzirudisha kwa faida ya Sh10 kwa pakiti, duka linapaswa kuuza pakiti 672, yaani beli 56 zinazouzwa bure. Kipimo cha kwanza kinagawanya kwa thamani ya mzigo, cha pili kwa kile ambacho duka linakula. Anayetaka kujua uzito wa kosa mlangoni atumie cha pili.

Huwa inatolewa hoja nyingine: kwamba hesabu ya uongo kwenye kompyuta inaleta rafu tupu, kwa kuwa mfumo unaamini beli 4 zipo na hauagizi nyingine. Niliipima. Pakiti 48 ambazo hazikuuzwa, kwa Sh10 kila moja, ni Sh480. Kwa unga hoja hiyo ni nyepesi, na sitaitegemea.

Kwa nini basi hesabu kamili isifanywe kila mara, ikiwa inagharimu Sh93? Jibu la kawaida mlangoni ni kwamba kuna njia ya mkato inayotosha. Mzigo ukija juu ya paleti, beli 8 kwa tabaka na matabaka 5, kila paleti ina beli 40. Karani anahesabu tabaka moja, anazidisha kwa 5, anasogea. Paleti 10 zilizojaa na moja ya beli 16, kwa dakika moja kila paleti, ni dakika 11. Zinaokolewa dakika 30.6, yaani Sh68. Kasoro ya njia hii anaijua kila aliyekaa mlangoni mwezi mmoja: kinachoonekana kwenye paleti ni kuta zake za nje tu. Beli ikikosekana katikati, kuta zinasimama vilevile.

Hapo ndipo hesabu ya uwezekano inapohitajika. Kuokoa Sh68 kwa hatari ya kupoteza Sh1,680 kuna maana iwapo upungufu wa beli moja hutokea kwa lori moja kati ya 25, au kwa nadra kuliko hivyo. Ukitokea mara nyingi zaidi, njia ya mkato ni hasara. Sina kiwango kimoja cha kumpa kila msomaji, na duka linalohesabu kwa matabaka pekee halitakipata kamwe, maana upungufu wa katikati ya paleti hauandikwi mlangoni. Unajitokeza miezi baadaye wakati wa kuhesabu mali ya duka zima, ukiwa umechanganyika na wizi wa rafuni, pakiti zilizopasuka na makosa ya keshia, chini ya neno moja: upotevu. Mshahara wa karani una mstari wake katika vitabu. Upungufu wa mlangoni hauna.

Mizani ya sakafuni inapunguza sehemu ya tatizo. Paleti ya beli 40 ina kilo 960 za unga, na beli moja ikikosekana mizani itaonyesha kilo 24 pungufu, hata kama shimo liko katikati. Kwa dakika 2 kila paleti, lori linakwisha kwa dakika 22 na Sh49. Hata hivyo mizani haioni pakiti iliyopata unyevu wala tarehe ya kuisha iliyo karibu, na bidhaa za uzito mchanganyiko, kama sabuni na vipodozi katika mzigo mmoja, haziipi nafasi.

Hadi hapa nimedhani kwamba dakika ya karani inagharimu Sh2.23. Dhana hiyo ni sahihi kwa vitabu vya duka na si sahihi kwa uwanja wa nyuma. Nje ya mlango kuna foleni. Nilianza kwa kuweka gharama ya gari lililosimama kuwa Sh1,500 kwa saa, nikaona ni ya malori makubwa tu, ilhali magari mengi ni pikapu za mikate, za mboga na bodaboda za mayai. Nikaishusha hadi wastani wa Sh600 kwa saa, sawa na Sh10 kwa dakika. Magari 5 yakiwa kwenye foleni, kila dakika ya karani inawagharimu wenye magari Sh50. Dakika 30.6 za ziada kwa hesabu kamili ya unga ni Sh1,530 kwa walio nje na Sh68 kwa aliye ndani. Jumla ni Sh1,598.

Tarakimu hiyo inageuza hukumu. Kwa Sh68, hesabu kamili inalipa ikiwa lori moja kati ya 25 lina upungufu wa beli. Kwa Sh1,598, inalipa tu ikiwa karibu kila lori, 95 kati ya 100, lina upungufu huo. Kazi ni ileile, beli ni zilezile, tofauti ni nani anahesabiwa katika gharama. Dereva anayepiga honi na kumwambia karani amalize haraka ana hesabu yake, na ni ya kweli. Meneja anayesema kuhesabu hakugharimu kitu naye ana yake. Karani anasimama kati ya hesabu mbili ambazo hakuna aliyeziweka kwenye karatasi moja.

Foleni inatoka wapi? Chukua mlango unaofunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, ukifungwa saa moja ya chakula kuanzia saa 5, siku 6 kwa wiki. Saa 8 za kupokea kwa siku na dakika 40 za kufunga karatasi zinafika zile 52 za wiki. Makarani ni wawili, magari 40 kwa siku. Dakika 960 zikigawanywa kwa 40 ni 24 kwa kila gari. Karatasi zinachukua dakika 8: kulinganisha oda, ankara na hati ya mzigo, kuingiza kwenye mfumo, kupiga muhuri. Zinabaki dakika 16, zinazotosha katoni au beli 160.

Lakini wastani huo haupo siku yoyote. Wasambazaji wote wanataka kufika asubuhi, ili gari lifanye safari ya pili. Tuseme magari 24 yanafika kati ya saa 1 na saa 5, na 16 yanabaki kwa mchana. Asubuhi kila gari lina dakika 20, ukitoa 8 za karatasi ni 12, sawa na beli 120. Mchana kila gari lina dakika 30, ukitoa 8 ni 22, sawa na beli 220. Lori la unga la beli 416 likifika saa 2 asubuhi, karani ana muda wa kuhesabu asilimia 28.8 ya mzigo.

Suluhisho linalopendekezwa kwanza ni karani wa tatu. Anagharimu Sh30,150 kwa mwezi. Magari 40 kwa siku 26 ni 1,040, kwa hiyo ni Sh29 kwa gari. Kwa dhana ya mzigo wa wastani wa Sh80,000, manunuzi ya mwezi ni Sh83.2 milioni, na karani huyo ni asilimia 0.036 yake. Anajilipia akizuia upungufu wa thamani ya beli 18 kwa mwezi, chini ya moja kwa siku. Wastani wa muda unapanda hadi dakika 36 kwa gari, na za kuhesabia zinakuwa 28. Ni hesabu nzuri, lakini ina shimo: inadhani kuna mlango wa tatu na kwamba mtu huyo hatatolewa mlangoni kwenda kupanga rafu siku ya mwisho wa mwezi. Penye milango miwili, karani wa tatu anaongeza mikono na haongezi nafasi ya kupakulia.

Hatua nyingine haina mshahara: kumpa kila msambazaji saa yake, na mizigo mikubwa isiyooza kupangiwa mchana. Lori la unga likihamishwa kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, ambapo hakuna foleni, dakika 30.6 zilezile zinashuka kutoka Sh1,598 hadi Sh68. Unga hauharibiki kwa saa 6. Maziwa na mikate ndiyo yenye haki ya asubuhi. Na ikiwa kila moja ya magari 1,040 ya mwezi linasubiri saa moja kwa wastani, wasambazaji wanapoteza Sh624,000, mara 20.7 ya gharama ya karani mmoja. Fedha hizo hazionekani katika vitabu vya duka, lakini zitarudi katika bei ya jumla mwaka unaofuata.

Muhuri nao una bei yake. Tangu Januari 2024, Kenya haikubali gharama ya biashara ipunguzwe katika kodi ya mapato bila ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS, isipokuwa kwa gharama chache zilizosamehewa. Unga wa mahindi hutozwa VAT ya asilimia 0, kwa hiyo hakuna VAT ya kupoteza. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Karani akipokea lori la Sh698,880 kwa karatasi isiyokubalika, na kosa lisirekebishwe, kodi inayoongezeka ni Sh209,664. Ni mshahara wake wa miezi 7 na nusu. Kwa sabuni, ambayo ina VAT ya asilimia 16, ongeza Sh16,000 kwa kila Sh100,000 za bei kabla ya VAT. Dakika 8 za karatasi, zinazoonekana kama urasimu, ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika siku yake.

Kwa msambazaji muhuri ni saa inayoanza kuhesabu. Akiuza kwa mkopo wa siku 60, na benki ikimtoza asilimia 15 kwa mwaka (dhana), kusubiri malipo ya lori moja kunamgharimu Sh17,233, zaidi ya thamani ya beli 10. Lori likirudishwa lije kesho, riba ni Sh287 kabla hata ya mafuta na posho ya dereva. Na duka likianguka, hati yenye muhuri inabaki ushahidi mkuu wa deni lake. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na wadai walipopiga kura Januari 2020 ifungwe, wasambazaji waliofika na madai walitegemea karatasi zilizoanzia milango ya nyuma ya matawi.

Turudi kwa zile beli 4. Katika maduka kadhaa upungufu wa mlangoni huandikwa kwa jina la aliyesaini. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika ikiwa imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Uzembe umetajwa mahali pengine katika kifungu hichohicho, kwa aliyekabidhiwa fedha taslimu. Karani wa kupokea bidhaa hashiki fedha. Kifungu pia kinasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Makato ya kisheria ya Sh3,152.50 pamoja na Sh6,720 za unga ni Sh9,872.50, asilimia 35.3 ya Sh28,000. Kwa kipimo cha kiasi, makato yanapita. Kwa kipimo cha sababu, hayapiti, isipokuwa mwajiri athibitishe kwamba karani alikusudia.

Kwa mshahara wa Sh28,000 na saa 225, karani analipwa Sh124.44 kwa saa. Sh6,720 ni saa 54 za kazi, wiki nzima na saa 2 juu yake. Lori lilifika saa 2 asubuhi. Alipewa dakika 12 za kuhesabu, zilizotosha beli 120, na muhuri wake ukasema 416. Beli 296 zilizobaki zilihitaji dakika 29 na sekunde 36, ambazo katika vitabu vya duka zina thamani ya Sh66.